Mzimu na Mwenye Nyumba

Hadithi za nyumba zenye mizimu aghalabu hufuata kanuni moja ya kale. Nyumba ina hatia, mpangaji hana. Uovu ulitendwa humo kabla yake, naye huokoka akifungasha na kuhama. Filamu iitwayo His House, iliyoongozwa na Remi Weekes wa Uingereza na kuonyeshwa kwanza mwaka 2020, imeipindua kanuni hiyo. Bol na mkewe Rial, waliokimbia vita vya Sudan Kusini, wanapewa nyumba chakavu nchini Uingereza. Nyumba yenyewe haina hatia. Mzimu, uitwao apeth, umeingia pamoja nao.

Msomaji wa Kasulu au Kibondo hana haja ya kuelezwa ukimbizi ni kitu gani. Kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, ilifunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo. Ile ya Nduta, wilayani Kibondo, ilifunguliwa tena mwaka 2015, Warundi walipoihama nchi yao. Wengi walifika mikono mitupu. Hakuna aliyefika moyo mtupu. Kwa hiyo filamu hii, ingawa ni ya Ulaya, inatuhusu.

Uzuri wake wa kwanza ni kwamba hofu yake ina sababu. Mtazamaji wa filamu za namna hii huuliza, mbona hawatoki? Hapa hawawezi. Wakihama watakuwa wamevunja masharti ya hifadhi, na huenda wakarudishwa walikotoka. Ndani mna mzimu, nje yuko afisa.

Uzuri wa pili ni siri yake. Basi la kuwatorosha watu lilipokea wenye watoto tu. Bol akamnyakua Nyagak, mtoto wa mwingine, akadai ni wake. Mama yake akaachwa nyuma akilia. Mtoto akafa maji safarini. Je, Bol ni mwovu? Asiyepata kuchagua kati ya roho yake na haki ya mwenzake asiwe mwepesi wa kuhukumu. Hata hivyo, dharura hupunguza lawama, haifuti deni.

Hapo ndipo kasoro zinapoonekana. Ndogo ni kwamba mzimu unaonyeshwa mno. Macho yakishauzoea, woga hupoa. Kubwa ni kwamba umepewa mwili ili upate kuuawa: Rial anaukata koo, nasi tunatakiwa tupumue. Lakini deni la haki halilipwi kwa kumchinja mdai, na mdai wa kweli hapa si apeth. Ni yule mama aliyebaki njiani, ambaye huenda yu hai, na filamu haimtafuti. Katika kambi za Kigoma, Msalaba Mwekundu umefanya kazi ya kuwatafuta jamaa waliopotezana: jina la mtoto, jina la mama, kijiji walichotoka. Kazi hiyo haitishi wala haichangamshi, lakini inaelekea alipo mdai, mahali ambapo kisu cha Rial hakifiki.

Mwishoni Bol anakiri kwamba wafu hufuatana na walio hai, na picha ya mwisho inawaonyesha yeye na mkewe wamesimama kati ya waliopotea. Ni picha njema, tena ya kweli. Lakini kuwakaribisha wafu nyumbani ni nusu ya toba. Nusu ya pili ni kwenda kumtafuta aliyedhulumiwa, maadamu anaweza kuwa hai.