Afuate Dau au Aweke Karata Chini?

Ndugu msomaji, wako wasemao kuwa mchezo wa karata uitwao poka si kamari bali ni akili. Tuwasikilize kwanza, maana uadilifu ni ada ya mwenye elimu.

Katika mashindano yake mchezaji hukabiliwa na swali: afuate dau la mwenziwe, au aweke karata chini? Tuseme mezani pana vibao 300, naye yampasa atie 100. Akitaraji kushinda mara moja katika nne, hapati wala hakosi. Tena aliyeishiwa vibao hutoka mashindanoni, basi 100 ya kupoteza ni nzito kuliko 100 ya kupata. Na bingwa haangalii alichokwisha kutia, hicho kimekwenda.

Hesabu hii ni ya kweli, lakini hujibu swali moja tu: itanifaa? Haiulizi: ni mali ya nani? Mwaka 2003 huko Las Vegas, katika mashindano ya watu 839 yenye kiingilio cha dola 10,000, Chris Moneymaker alishinda dola milioni 2.5. Hazikulimwa wala hazikuchuuzwa. Zilitoka katika viingilio, na wengi waliondoka mikono mitupu.

Sura ya Al-Maida, aya ya 90, yatuamrisha kuiepuka kamari, wala haikubagua ya mjinga na ya mjuzi. Aliyekwisha kukaa mezani na ajifunze kwa bingwa yule yule: kilichokwenda kisimvute. Ainuke leo.

Wabillahi tawfiq.