Wimbo Uliorekodiwa Nyumbani Una Bei?

Siku hizi mwimbaji si lazima aende studio ya mjini. Anatundika blanketi ukutani, anangoja watoto walale na kelele za matatu zitulie, kisha anarekodi tenzi usiku kwa maiki na kompyuta. Swali linakuja: auze au atoe bure?

Wengine husema injili haiuzwi, kwa kuwa tulipewa bure (Mathayo 10:8). Lakini Yesu huyo huyo alisema mtenda kazi anastahili ujira wake (Luka 10:7). Mimi nilisomea biashara, na jambo moja ni wazi: gharama na bei ni vitu viwili. Bei ni uamuzi. Gharama lazima mtu ailipe.

Keith Green wa Marekani aliweka nyumba yake rehani ili arekodi albamu yake ya mwaka 1980, kisha akaruhusu kila mtu alipe anachoweza. Bei ilishuka, lakini gharama haikupotea, aliibeba yeye. Daudi naye alikataa kumtolea Mungu sadaka isiyomgharimu (2 Samweli 24:24).

Basi dhambi haiko kwenye kuuza. Iko pale tunapomwambia mwimbaji "Mungu atakubariki," halafu stima, bando na kodi ya nyumba tunamwachia peke yake. Akichagua kutoa bure, hiyo ni sadaka. Tukimlazimisha, tunamnyonya.

Wiki hii ukitumiwa wimbo kwa simu, muulize aliyeuimba umemgharimu nini. Halafu umtumie kitu.