Hadithi za Hatari: Damu ya Nani?



Wazazi huuliza mara nyingi kama yafaa watoto wetu wasome hadithi za kale zenye maharamia, vita na kutafuta hazina. Huogopa ile damu. Hofu yao si ya bure, lakini naona liko swali zito zaidi: mtoto anapofunga kitabu, amefundishwa kumsikitikia nani? Na ni nani aliyekufa bila yeye kushtuka?

Maana katika hadithi za namna hii msomaji hachagui. Mwandishi humshika mkono tangu mwanzo, akampandisha chomboni pamoja na shujaa, na toka hapo mtoto huona kwa macho ya shujaa tu.

Chukueni vitabu viwili ambavyo wazee wengi wa Afrika Mashariki walivisoma shuleni, vyote vilivyotoka kwa Kiswahili mwaka 1929: Mashimo ya Mfalme Sulemani cha H. Rider Haggard, na Kisiwa chenye Hazina cha R. L. Stevenson. Ni hadithi tamu kweli kweli. Asiyekubali hilo hajazisoma.

Haggard aliandika chake mwaka 1885, akawatolea wavulana wakubwa kwa wadogo. Humo Khiva, mtumishi Mzulu, anamkabili tembo ili amwokoe Kapteni Good, naye anauawa vibaya sana. Baadaye msichana Foulata anamwuguza huyo Good mpaka anapona, na wanapendana. Kisha Foulata anachomwa kisu pangoni, akishindana na kizee Gagool asiwafungie wageni ndani. Quatermain, anayesimulia, anamsifu na kumhurumia. Lakini aona kwamba kifo chake kimewaondolea taabu, kwa kuwa Mzungu na Mwafrika wangewezaje kuoana? Hapo ndipo ninapokwama. Binti ametoa uhai wake kwa ajili yao, na mvulana anayesoma anaelekezwa ashushe pumzi.

Stevenson, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1883, naye ana damu tele. Lakini Silver anapomwua baharia Tom, aliyekataa kuasi, kijana Jim aliyejificha vichakani anazimia. Na mwishoni, maharamia watatu wanapoachwa kisiwani, wanapiga magoti mchangani wakiomba wachukuliwe, na hata waliowaacha wanaona uchungu. Jim anarudi kwao na mali, lakini usingizini bado anaruka kwa hofu ya kisiwa kile. Mtoto amepata hatari yake yote, na hakuna mtu aliyefanywa kuwa takataka.

Mtu atasema, na atasema kweli, kwamba Stevenson alikuwa na kazi rahisi: wale walikuwa Wazungu wenzake. Kumlilia mtu wa kwenu si jambo kubwa.

Basi tutazame pia kilichoandikwa kwetu. James Mbotela, mtoto wa mtumwa aliyekombolewa, alitoa Uhuru wa Watumwa mwaka 1934. Alikulia Freretown, karibu na Mombasa, makao yaliyoanzishwa na wamisionari wa C.M.S. mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliotolewa utumwani. Mle, watu ambao katika vitabu vya wageni wangekuwa wapagazi tu wana makwao na wazazi. Hilo ni jambo kubwa. Hata hivyo Waingereza wanasifiwa mno, na Waarabu karibu wote wamepakwa rangi moja. Mtoto wa jirani yetu Mwislamu akikisoma pamoja na wetu darasani, atajiona wapi? Walioumizwa wana haki ya kusimulia waliyotendwa. Lakini haki hiyo haiwafanyi watoto wa leo kuwa wadeni.

Sishauri vitabu hivi vifungiwe kabatini. Mtoto aliyekatazwa atakisoma kwa siri, tena peke yake, na hilo ndilo baya zaidi. Someni pamoja naye. Mkifika pale pangoni, simameni kidogo mwulize kama na yeye ameona nafuu, na kwa nini. Au mwambieni asimulie safari ile ile kama Khiva, tangu siku alipoandikwa kazi mpaka alipomwona tembo akigeuka.