Chandarua Kimeshuka, Sasa Zungumza na Mtoto

Kama wewe ni mzazi wa Kibaoni, hapa Ifakara, na umri wako unacheza kwenye miaka 30, huenda utotoni ulilala ndani ya chandarua cha Zuia Mbu. Mradi ule wa vyandarua na dawa ya kuvichovya ulianza mwaka 1997 katika wilaya za Kilombero na Ulanga. Joto la bonde hili la Kilombero unalijua, na kujifungia ndani ya wavu usiku wa Februari si starehe. Wazee wetu walinunua hivyo hivyo, wakachovya, wakashusha kila usiku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2001 ukaonyesha kwamba kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne, chandarua chenye dawa kiliongeza nafasi ya kunusurika kwa asilimia 27.

Kwa hiyo usiniambie wazazi wa huku hatubadiliki. Tulishabadilika. Bonde zima lilijifunza jambo jipya la kufanya kila usiku kwa ajili ya watoto, bila kusubiri utajiri, na waliookolewa ndio tunaolea leo.

Zamu yetu imefika, na kazi yetu ni nyingine. Mtoto anaishi, tunashukuru. Lakini anatoka shuleni kanuna, anampiga mdogo wake, anatoroka kipindi cha hisabati, anaangua kilio kwa sababu ya kijiko. Na sisi tuna jibu moja tu tulilolizoea: huyu mkaidi.

Tuanze na jambo ambalo kila mtu analijua na hakuna anayelitaja kwenye kikao cha wazazi: mpunga. Mpunga ukianza kutoa masuke, kwelea kwelea wanashuka, na anayehitajika shambani ni mtu mwenye sauti kali na miguu myepesi. Huyo ni mtoto. Anapanda dunguni kabla jua halijachomoza, ana kombeo na debe bovu, anapiga kelele mpaka koo linakauka. Shule haijafungwa. Muhula uko katikati.

Anarudi darasani baada ya wiki kadhaa. Alipoondoka walikuwa kwenye kujumlisha sehemu, sasa wako kwenye desimali. Mwalimu anaandika ubaoni 0.75 na kuuliza ni sawa na sehemu gani. Mikono ya wenzake iko juu. Yeye ana njia tatu: aulize achekwe, anyamaze apotee, au afanye kituko darasa licheke kwa sababu aliyoichagua mwenyewe. Mtoto mwenye akili atachagua kituko. Ikifika Ijumaa ameshapewa jina la mtundu, na wewe unaitwa shuleni kuelezwa tabia zake. Mzazi mwenzangu, utundu huo una tarehe ya kuzaliwa. Ni siku ile uliyompandisha dunguni.

Yupo na yule anayebaki nyumbani. Watafiti wa malaria wa Ifakara walipowafuata wakulima mabondeni walizikuta familia zikiishi kwenye vibanda vya shamba kwa miezi, na nyumba ya kijijini ikiangaliwa na waliobaki. Mara nyingi anayebaki ni bibi mwenye magoti mabovu na binti wa miaka 12 au 13. Binti huyo anachota maji, anapika, anaamsha wadogo, anawafunga vifungo vya sare, kisha anafika shuleni amechelewa na kuadhibiwa kwa kuchelewa. Halafu tunashangaa amekuwa na kisirani! Ana hasira, na hasira hiyo ni halali kabisa.

Sikwambii uache kulima. Elimu bila ada ilianza mwaka 2016, lakini sare, daftari na viatu bado vinatoka kwenye gunia la mpunga. Ninachokudai ni upangaji. Watu wazima wapokezane zamu za ndege, mtoto aje Jumamosi. Kabla ya kuhamia shamba, pita kwa mwalimu wa darasa umwambie unaondoka lini na mtoto amebaki na nani. Jirani mmoja, mtu mzima unayemwamini, mkabidhi jukumu la kumwangalia waziwazi, mbele ya mtoto. Na simu yako ya kitochi ipige nyumbani kila jioni kwa saa ile ile. Usianze na "mmefunga kuku?" Anza na "leo siku yako ilikuwaje?"

Hapo ndipo penye kazi yenyewe, na ndipo nataka ukae. Kila usiku, unaposhusha chandarua, kaa kitandani pa mtoto dakika kumi. Taa ikiwa imezimwa au imepunguzwa ni bora zaidi, kwa sababu mtoto husema mengi asipotazamwa usoni. Usimuulize "kwa nini umepigana?" Kwa mtoto swali hilo ni mashtaka, na mshtakiwa hujitetea kwa uongo. Sema, "Nimesikia leo mlipigana. Ilianzaje?" Kisha nyamaza. Kunyamaza ndiko kugumu kuliko yote. Ulimi utakuwasha kutoa hotuba. Uzuie. Akikwama, msaidie kuitaja hali yake: "Walikucheka ukaona aibu?" "Uliogopa?" "Ulimwonea wivu?" Mtoto anayeweza kusema "nilidhalilika" amepata njia nyingine mbali na ngumi. Siku ya kwanza atakujibu "hamna kitu". Ya pili hivyo hivyo. Endelea. Atakuwa anakupima kama utarudi kesho.

Baba, hili si la mama peke yake. Kijiweni hakuna atakayekulaumu ukiaga mapema. Mtoto wa kiume anayesikia baba yake akisema "na mimi nilikuwa naogopa hesabu" hupata nguvu ambayo hakuna twisheni inayoiuza.

Najua kuna msomaji ameshakunja uso: mcha mwana kulia hulia mwenyewe. Sawa, na alie. Mnyime simu alie, mzuie kutoka usiku alie, mrudishe akafagie uwanja aliouchafua alie. Mipaka lazima iwepo, na iwe ile ile leo na kesho. Kumchapa mpaka anakuogopa ni jambo lingine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya Watanzania, wanawake kwa wanaume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Kama fimbo ingekuwa inalea, nchi hii ingekuwa haina mtu mkorofi. Hata shuleni kanuni za mwaka 2002 zinasema viboko visizidi vinne, vichapwe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, na viandikwe kwenye kitabu. Nyumbani kwetu kitabu hicho hakipo. Hakuna anayehesabu.

Kuna mtoto mwingine ambaye wala si mtundu. Anaitwa mzito. Umemweleza mara tano, hashiki. Kabla hujamkatia tamaa, kumbuka historia yake: aliwahi kuugua degedege akiwa mdogo? Alilazwa kwa malaria kali, akazimia? Utafiti wa Uganda uliochapishwa mwaka 2008 uliwafuatilia watoto waliopona malaria ya ubongo, na miaka miwili baadaye karibu mmoja kati ya wanne alikuwa bado na matatizo ya kufikiri, kama kumbukumbu au kutuliza akili. Hapa kwetu, penye mbu wa kutosha kuajiri wanasayansi tangu miaka ya 1950, mzazi hana sababu ya kulipuuza hilo. Mweleze mwalimu, amkalishe mbele. Mpeleke hospitali apimwe macho na masikio. Maelekezo mpe moja moja, si matano kwa mkupuo. Na kama huwa anakodoa macho ghafla kama aliyeganda, hasikii akiitwa, kisha anarudi kama hakuna kilichotokea, huenda ni kifafa. Kina dawa. Usipoteze mwaka kwa mganga.

La mwisho nalisema kwa ukali. Mtoto aliyekuwa mchangamfu akabadilika ghafla, akawa anakojoa kitandani upya, hataki njia fulani, hataki kubaki na mtu fulani hata kama ni ndugu, usimwite mwenye deko. Msikilize bila kupiga kelele, mwambie umemwamini, kisha chukua hatua siku hiyo hiyo: hospitali, dawati la jinsia na watoto polisi, au ofisa ustawi wa jamii. Namba 116 inapigwa bure, na hata mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mambo haya hayamalizwi kwa vikao vya ukoo na faini ya mbuzi.

Sasa inuka. Wala usingoje uitwe shuleni, maana wito ukifika mambo yameshaharibika. Jumatatu hii pitia shuleni kabla ya kwenda sokoni au shamba, umuulize mwalimu wa darasa mambo mawili: mwanangu anakaa na nani, na anaanza kusumbua kipindi gani? Majibu hayo mawili yatakueleza mengi kuliko ripoti ya muhula. Kabla ya kuaga, mtajie mwalimu kitu kimoja ambacho mtoto huyo anakiweza kweli, iwe kuchora, kuimba, kutengeneza baiskeli au kuwatuliza wadogo zake. Darasa lina watoto wengi, na huenda hajapata nafasi ya kukiona.

Na nenda na baba yake.