Funga Zipu, Usifunge Moyo



Vijana wa Mbulu na Hanang siku hizi tunasafiri. Wengine wanakwenda Namugongo, Uganda, kwa sikukuu ya Mashahidi tarehe 3 Juni. Wengine wana ndoto ya kufika Roma, au wanahesabu miezi kuelekea Siku ya Vijana Duniani itakayofanyika Seoul, Korea Kusini, Agosti 2027. Na kila anayeaga nyumbani huambiwa neno lile lile: "Angalia vibaka huko, usimwamini mtu."

Sehemu ya kwanza ya ushauri huo ni sahihi. Ya pili inanipa shida. Kijana mmoja aliniuliza swali zuri: "Frateri, kama kweli nampenda jirani, kwa nini nikumbatie begi anapokaa karibu nami? Si ni kumwita mwizi bila kusema?" Naomba tulitafakari pamoja.

Kwanza tusijidanganye. Wezi wa mifukoni wapo, na njia ya kwenda mahali patakatifu haiwatishi. Basi namba 64 la Roma, linalotoka kituo cha treni cha Termini kwenda upande wa Vatikano, limejulikana kwa wizi huo miaka mingi. Lisbon, mji uliopokea vijana wa dunia nzima Agosti 2023, tramu yake namba 28 ina sifa hiyo hiyo. Mwizi huyu hahitaji giza. Anahitaji msongamano, na mtu aliyeinua macho kushangaa majengo. Mmoja anakugonga bega au anakumwagia kitu kwenye shati, anaomba radhi kwa upole. Wa pili anachomoa. Wa tatu anapokea na kushuka. Ukija kushtuka, aliye mbele yako hana kitu mkononi.

Kwa hiyo kujilinda ni busara, na busara ni mojawapo ya fadhila nne kuu, pamoja na haki, nguvu na kiasi. Yesu mwenyewe, alipowatuma wanafunzi wake, alitaja nyoka na njiwa kwa pamoja (Mt 10:16). Lakini busara inaishia wapi, na dhambi ya kumhukumu mtu ovyo inaanzia wapi?

Mtakatifu Thomas wa Akwino anatusaidia katika Summa Theologiae (II-II, swali la 60). Anafundisha kwamba jambo lenye mashaka kuhusu mtu tulichukue kwa upande wa wema. Anajua kuwa ukifanya hivyo utadanganyika mara nyingi. Anaona afadhali hilo, maana ukimdhania mema mtu mbaya hujamwonea yeyote, ila ukimdhania mabaya mtu mwema umemdhulumu. Kisha anaongeza tofauti moja muhimu: unapoandaa dawa ya ubaya, unaweza kujiandaa kwa lile baya zaidi, bila kukata shauri kwamba fulani ni mbaya. Dawa inayoweza ugonjwa mkubwa itauweza na mdogo.

Mimi nalichukua hilo hivi: tahadhari safi ni ile uliyoipanga kabla hujaona sura ya mtu yeyote. Bibi zetu wanaokwenda mnadani hufunga hela kwenye pindo la kanga tangu nyumbani. Wakifika wanasalimia kila mtu, wanapeana mikono, wanaulizana habari za watoto na mvua. Hakuna anayeona ametukanwa na lile fundo. Lakini anayetembea na begi wazi, kisha akalivuta kifuani anapopita kijana mwenye nguo zilizochakaa, au mtu wa kabila fulani, au wa rangi fulani, huyo ametoa hukumu. Na aliyehukumiwa ameiona.

Tukumbuke kwamba ng'ambo anayehukumiwa hivyo anaweza kuwa wewe. Kijana Mwafrika akikaa kwenye treni Ulaya, wakati mwingine huona jirani yake akisogeza mkoba. Umevuka bahari kwenda kusali, rozari iko mkononi, na tayari ni mshukiwa. Inauma jamani. Ukishaonja uchungu huo, rudi nao nyumbani. Kwetu huku, ng'ombe wakipotea usiku, ni mara ngapi jina la kabila jirani linatajwa kabla hata nyayo hazijafuatwa?

Kuna jambo zito zaidi. Tuseme umemkamata kweli, mkono wake umo mfukoni mwako. Katika miji yetu, neno "mwizi!" likipigwa stendi, mawe yanakuja, na wakati mwingine tairi na petroli. Kijana anakufa kwa ajili ya simu. Kanisa linakubali mtu kujitetea, ila kwa nguvu isiyozidi kiasi kinachohitajika (KKK 2264). Mkono ukishaachia simu, kipigo kinachofuata si kujitetea tena. Ita polisi, na kama unaweza, wazuie wenzako wasiokote mawe. Amri ya saba haijafutwa, lakini na ya tano haijafutwa. Mhalifu aliyesulubiwa kando ya Yesu aliahidiwa paradiso siku ile ile. Umati wetu humnyima kibaka hata muda wa kutubu.

Basi tupange tahadhari zetu mapema. Gawanya hela sehemu mbili au tatu. Pasipoti ikae ndani ya nguo, kamwe si mfuko wa nyuma. Nakala yake moja mpe kiongozi wa kikundi, nyingine iache nyumbani. Ndani ya basi, begi la mgongoni livae kifuani, hata kama umezungukwa na masista watupu. Ukikaa karibu na mlango, simu isibaki mkononi. Kitu usichokihitaji safarini kiache nyumbani. Na pasipoti ikiibiwa, toa taarifa polisi upewe maandishi ya kuthibitisha, kisha nenda ubalozi wetu uombe hati ya dharura ya kurudia nyumbani. Tanzania ina ubalozi Kampala, Roma na Seoul.

Kufanya hivyo hakumkosei jirani. Hata mwenye tamaa unamsaidia, kwa sababu umemwondolea nafasi ya kuanguka. Ndiyo maana sikubaliani na ule ushauri wa "usimwamini mtu." Asiyefunga begi ndiye anayelazimika kumkagua kila anayemkaribia. Wewe uliyefunga tangu asubuhi una nafasi ya kumtazama mwenzako usoni, kumpa amani, na kumwuliza anatoka parokia gani.

Wiki hii jichunguze, hata kama safari yako ni ya Mbulu hadi Babati tu: mara ya mwisho ulipogusa mfuko kuhakikisha simu ipo, ulikuwa umemwona nani? Kama ni mtu fulani, mwombee leo.

Mashahidi wa Uganda, mtuombee.