Kumshitaki Mkubwa wa Kazi: Je, Ni Kusengenya?

Ndugu yetu mmoja, mzaliwa wa pwani afanyaye kazi Homa Bay, ametuletea swali ambalo twaona lawagusa wengi. Jina lake hatulitaji, wala mahali pake pa kazi. Asema kuwa mkubwa wake huwatukana walio chini yake mbele za watu na kuwanyima ruhusa zilizo haki yao. Kijana mmoja atokaye Migori alifokewa hata akaacha kazi, na ndugu yetu alikuwapo, akanyamaza. Sasa wenzake wameandika mashitaka, wamtaka atie sahihi. Wazee nyumbani wamwambia, "Mwenye nguvu mpishe. Subiri." Naye auliza: nikitia sahihi, sitakuwa nimesengenya na kukosa subira?

Hofu yake hatuidharau. Mtu aliye mbali na kwao, ambaye mshahara wake ndio chakula cha mama na watoto, ana haki ya kuhofu. Lakini hofu ni kitu kimoja, na hukumu ya dini ni kitu kingine. Wengi wetu huivika hofu kanzu ya subira, kisha tukaisifu.

Kusengenya ni dhambi kubwa, hapana shaka. Lakini Imamu Nawawi, katika Riyadhu Ssalihin, ameeleza mambo sita ambayo kwa ajili yake yajuzu kutaja aibu ya mtu. La kwanza ni aliyedhulumiwa kupeleka shauri lake kwa mwenye mamlaka ya kumpa haki yake. La pili ni kutaka msaada wa kuondoa ovu. Na Kurani, katika Surat Nnisaa, aya ya 148, imemtoa mwenye kudhulumiwa katika katazo la kudhihirisha maneno mabaya. Basi fahamu kuwa maneno ni yale yale. Kinachobadilika ni mahali yapelekwapo. Yakisemwa barazani juu ya kahawa, ni kusengenya. Yakipelekwa kwa awezaye kuondoa dhuluma, ni ushahidi. La ajabu ni kuwa sisi tuogopao kutia sahihi kwa kuchelea kusengenya, mtu huyo huyo twamsengenya kila jioni!

Watu wa Kufa walimshitaki liwali wao, Saad bin Abi Waqqas, kwa Sayyidna Umar. Saad alikuwa mmoja wa wale kumi waliobashiriwa Pepo. Umar hakuwaambia washitaki kuwa mtu huyo ni mkubwa mno wa kusemwa. Wala hakusadiki yote waliyoyasema. Alimwondoa, akamwuliza mwenyewe, kisha akatuma watu waulize msikiti baada ya msikiti. Wote walimsifu, illa mtu mmoja aliyesimama akamzulia. Hapa pana mafunzo mawili: hapana mkubwa asiyeulizwa, na hapana mshitaki aliyeruhusiwa kusema uwongo.

Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 nayo yasimama juu ya miguu hiyo miwili. Kifungu cha 46 chasema kuwa kumshitaki mwajiri si sababu ya haki ya kumfukuza mtu kazi, isipokuwa mashitaka yathibitike kuwa ya ovyo na hayana msingi. Lakini sheria iliyo kitabuni haimzuii kila mwenye kisasi, na aendaye peke yake huvunjwa upesi. Hili watu wa Mombasa walijua. Mwezi wa Machi 1955, wachukuzi wa bandarini walipogoma, aliyekuja kusaidia mapatano baina yao na waajiri ni Tom Mboya, ambaye kwao ni Kisiwa cha Rusinga, huko huko Homa Bay, na ndiko alikozikwa. Walisikizwa kwa kuwa sauti yao ilikuwa moja.

Twarejea kwenye subira. Mtu akisamehe haki yake mwenyewe, amefanya wema. Lakini haki ya yule kijana wa Migori si mali yetu hata tuisamehe. Kusubiri juu ya dhuluma ya mwenzio ni kuwa karimu kwa mali ya watu. Subira ya kweli huenda ikawa ni kuyavumilia yatakayokufika baada ya kusema kweli.

Basi twamwambia ndugu yetu: usome waraka kabla ya kutia sahihi. Uliyoyaona kwa macho yako, yashuhudie, pamoja na siku yake na mahali pake. Uliyoyasikia tu, yaache. Kabila lake na mambo ya nyumbani kwake yasitiwe humo. Naye asikizwe kama mlivyosikizwa ninyi. Ukiona ni kweli, tia sahihi.

Nasi tulio na maduka na watumishi, tusiinyoshee Homa Bay kidole kabla ya kujiuliza: mtumishi wetu akidhulumiwa nasi, ana mlango gani wa kubisha? Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa wasema kweli na wasikizao kweli. Amin.