Ipishe Besi Ipite

Kaa hapo, mjukuu wangu, na hiyo kompyuta ifunike kwanza. Wimbo wako nimeusikia tangu jana, na jirani naye kausikia, maana mabati yalitikisika hadi usiku wa manane. Noti ya besi lakini sikuambulia hata moja. Nilichopata ni ngurumo. Nawe unaniambia, "Babu, nitaongeza sauti." Nimeshachoka kulisema hili kwa vijana, ila kwako nitalisema tena taratibu: besi ya chini kabisa haisikiki kwa kuongezwa.

Hapa hapa Tanga, vikundi vya Black Star na kisha Lucky Star vilipiga taarabu kwa magitaa ya umeme na gitaa la besi. Sauti ya mwimbaji wao Shakila ilifika majumbani kwa redio za betri zenye spika ya kiganja. Uzi mnene wa gitaa la besi ukipigwa wazi hutoa hezi 41, na spika ile haina uwezo wa hezi 41 hata kidogo. Mbona basi mama aliyekuwa jikoni Ngamiani aliifuata besi noti kwa noti? Kwa sababu uzi haupigi 41 peke yake. Juu yake zipo 82, 123, 164 na kuendelea, na sikio likizipata hizo hujijazia lenyewe ile ya chini isiyokuwapo.

Wewe umechukua wimbi la sine tupu, halina kitu juu yake. Kwenye spika za ukumbini litavuma, kwenye simu ya abiria wa bajaji ni kimya. Basi nakili besi yako mara mbili. Nakala ya kwanza iache safi, ibaki chini, na iwe mono. Ya pili itie distosheni kidogo kwanza, ndipo uikate chini ya hezi 100, kisha uichanganye polepole mpaka uisikie kwenye simu. Ukiisikia tu, acha. Vijana hapo ndipo mnapoharibu, mnaona utamu mnaongeza.

Halafu kinanda, sauti za waimbaji, hata kayamba, vyote vina masalia huko chini yasiyo na kazi; yakate. Na kiki, ile ngoma ya mguu, je? Kiki na besi zikigombea hezi 50 ni majirani wawili wenye ndoo kichwani katika mlango mmoja. Mmoja apishe. Programu yako inaweza kuiinamisha besi kidogo kila kiki inapogonga. Itumie, kwani umeilipia (au hukuilipia, hayo ni yako na Mola wako).

Chumba chako nacho kinakudanganya. Wimbi la hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, chumba hakifiki hata mita 4. Ukikaa katikati besi inapotea, ukisimama pembeni inanguruma. Tembea ukisikiliza, usiamini kiti kimoja.

La mwisho, ufunguo wa wimbo. Umeuweka C, na C ile ya chini ni hezi 33. Sabufa nyingi za majumbani haziifikii. F ni karibu 44, G ni 49. Muulize mwimbaji wako kama G anaiweza, kabla hujagusa kitufe kingine.